Sange Imekamilika

Aliyekosa gazeti la wiki jana hakukosa mengi. Nilikuwa na mume. Akavuka mpaka kwenda Bujumbura kutafuta vipuri vya pikipiki, na vipuri vikamkolea mpaka leo. Nilikuwa na nyumba Rugenge, hapa Uvira; mafuriko yakachukua sebule, yakaniachia jiko. Nikabaki na kazi, na mdogo wangu Firmin. Kisa cha leo kinahusu hivyo viwili, na jinsi kimoja kilivyotaka kummeza mwenzake.

Mimi Émérance ni mtu wa kompyuta. Shirika lililoniajiri nitaliita Maji Bondeni, kwa sababu jina lake halisi lina wanasheria. Linatandaza mabomba ya maji katika bonde la Ruzizi, kutoka Kiliba hadi Luvungi. Lina gari moja, jenereta moja, na mratibu mmoja aitwaye Donatien, ambaye mji mzima unamwita Coordo. Kati ya hao watatu, gari ndilo pekee lililowaka kila asubuhi.

Kazi zetu zote zilikuwa ndani ya programu ya kusimamia miradi, toleo la zamani, kwenye mashini ya zamani. Juu yake kulikuwa na msimbo ulioandikwa na mtu aliyenitangulia, Rénovat, ambaye alihamia Kanada bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Lakini Rénovat aliijua ofisi yetu, na ofisi yetu ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine.

Kwetu, kazi iliandikwa kuwa imekamilika siku vifaa vilipotoka kwenye ghala la Kalundu. Si siku bomba lilipotoa maji. Siku mabomba yalipopakiwa na kuvuka lango la bandari.

Sababu ilikuwepo. Bomba likishatoka Kalundu, mbele yake kuna mvua, kuna madaraja, kuna wenye bunduki wa kila aina, wa serikali na wa kujitolea. Hakuna aliyetaka kazi ibaki wazi kwa jina lake wakati hayo yote yanaendelea. Basi iliandikwa asilimia mia, ikapakwa rangi ya kijani, na mafundi wakaondoka kwenda kuianza kazi iliyokwisha kukamilika.

Rénovat hakupigana na desturi hiyo. Aliandika msimbo wa kuizunguka. Mashini ya zamani ilichukulia kwamba penye kijani bado pana watu, mpaka mmoja wetu aingize ndani yake kwamba wamerudi. Kabla ya hapo, kila asubuhi ilichapa yenyewe ordre de mission, karatasi ya safari inayoonyeshwa kwa askari barabarani, kwa ajili ya gari la kuwachukua. Majina ya mafundi yalikuwemo. Muhuri ulikuwemo. Sahihi ya Coordo nayo ilikuwa ndani ya mashini, kwa kuwa kila Ijumaa mwenyewe alikuwa Bujumbura kwa shughuli ambazo hazikuwamo katika programu yoyote.

Ulikuwa msimbo mbaya kuutazama. Ulifanya kazi.

Kisha wafadhili wakataka toleo jipya, na pamoja nalo wakatuletea mtaalamu kutoka Kinshasa, Hyacinthe. Mimi niliamriwa kuhamisha msimbo, yeye aliamriwa kunisimamia. Alikuwa na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutosomea. Huo wa pili ndio aliouvaa siku nilipomwonyesha mistari ya Rénovat.

"Mistari hii yote ya nini?" aliuliza kwa Kifaransa. Natafsiri.

"Inajua watu walio nje."

"Kazi ikiwa imekamilika, watu wako nje wakifanya nini?"

"Wanaifanya."

Alinitazama kama mtu anayetazama maji ya mto Mulongwe baada ya kuambiwa ayanywe.

Coordo alikuwa mwisho wa meza, akila karanga. "Madame Émérance, usitusumbue," alisema. "Imekamilika iko imekamilika. Bailleur, mwenye kutoa pesa, anataka kuona kijani, aone kijani."

"Basi tuandike ukweli kwanza. Sange, ambako mafundi wetu bado wanachimba, tuirudishe nusu, ndipo tuhamishe."

"Weye unataka niandikie Ulaya kwamba Sange iko nusu?"

"Iko nusu."

"Iko mia. Ripoti ilishaenda."

Nikawaeleza polepole, kama ninavyoeleza sasa. Nikasema mashini ya zamani huchapa karatasi kila asubuhi mpaka ijue watu wamerudi, na ikishajua, huacha. Tukiifuta mistari hii, mashini mpya itaona kijani na kuamini kwamba Sange hakuna mtu. Coordo alitikisa kichwa kwa uelewa mkubwa na kuomba chumvi.

Hyacinthe akafuta. Mahali pa mistari ile akaweka hatua mpya: eneo lililokamilika linafungwa, na kinachobaki ni uzinduzi tu. Hapo Coordo aliacha karanga. Alitaka ndani ya programu iandikwe kwamba mzinduzi ni yeye, na kwamba jina lake lisiweze kuondolewa na mtu yeyote, kwa maana mwaka uliopita msaidizi wake alikata utepe kule Kiliba yeye akiwa safarini, na picha ikatoka bila yeye.

Niliomba jambo moja la mwisho. Mashini ya zamani ibaki ikifanya kazi pembeni, mpaka ile mpya ithibitike.

"Ilishaondoka," akasema Coordo. "Nilimupatia mulamu yangu wa Kalundu. Iko anafanyia fotokopi."

Mulamu ni shemeji au wifi. Shemeji wa Coordo alikuwa na kibanda cha kuchapa na kunakili karibu na bandari.

"Na vilivyomo ndani?"

"Atafuta mwenyewe."

Wakaniletea karatasi ya kukubali uhamishaji. Ningeweza kukataa. Nilikumbuka jiko langu lisilo na sebule, nikatia sahihi. Nimesoma barua zenu za wiki iliyopita, zile za kunihurumia. Mnaweza kuzipunguza.

Kitu kimoja tu nilikiokoa: sura ya karatasi. Niliiacha ile ile, maandishi yale yale, muhuri pale pale, ili askari wa bariyeri, vizuizi vya barabarani, wasichanganyikiwe. Nilibadili namba tu; za toleo jipya zikaanza na herufi B. Nilijivunia uangalifu huo. Mtaona ulivyonilipa.

Coordo naye alikuwa na uangalifu wake. Alikwenda kwenye bariyeri ya Kavimvira, penye njia ya kutoka mjini, akiwa na mpiga picha, akawatangazia askari kwamba tangu siku hiyo karatasi yoyote ya Maji Bondeni iliyoandikwa kwa mkono ni ya uongo, na anayeibeba akamatwe. Askari walifurahi. Ni mara chache mtu huwaletea sababu mpya.

Siku chache baadaye alinipitia mezani.

"Mulamu analalamika. Ile mashini yenu inakula makaratasi yake. Kila asubuhi inatapika tu."

"Inachapa ordre de mission za Sange. Haijaambiwa kwamba watu wamerudi."

"Sasa atafanya nini?"

"Niende niifute leo."

"Siku ingine. Leo unipangie hii kijani. Ile ya zamani ilikuwa inaiva vizuri, hii iko kama ya dawa."

Nikashinda siku nzima nikiivisha kijani. Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku ambayo Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi.

Jeshi likaanza kuteremka bondeni kwa barabara kubwa, likirudi nyuma. Jeshi linalosonga mbele lina mpango. Linalorudi nyuma lina mzigo tu, na linatafuta wa kuubeba.

Firmin alinipigia simu asubuhi kutoka Sange. Yeye ni fundi bomba, kiongozi wa kikundi chetu kule. Ananiita yaya, dada mkubwa, hata tunapogombana.

"Yaya, bantu ba Luvungi bote banapita hapa na magodoro. Basoda banateremka. Kijana bakimukuta bila karatasi, banamubebesha masanduku ya risasi. Banaenda naye."

"Nyinyi mko wapi?"

"Ndani ya shule. Tuko tunangoja gari."

"Mabomba?"

"Yaya, weye unauliza mabomba?"

"Nauliza kama mmeyaacha wazi barabarani mkajulikana mlipo."

Akacheka. "Tuliyafunika. Tuma gari, yaya. Na karatasi. Bila karatasi hata gari haitatusaidia."

"Usitoke hapo. Linakuja."

Nikafungua programu mpya. Sange ilikuwa kijani, na kijani kizuri, nilikitengeneza mwenyewe. Nikaomba ordre de mission ya kuwachukua mafundi. Ikanijibu kwa adabu: eneo limefungwa, hakuna watu.

Nikajaribu kulifungua eneo. Ikataka idhini ya wafadhili. Huko kwao ilikuwa sikukuu.

Nikajaribu kuingia kwenye msimbo. Nywila alikuwa nayo Hyacinthe, ambaye mizinga ilipolia mara ya kwanza mbali kabisa, kule Kamanyola, alivuka mpaka wa Gatumba kuingia Burundi na miwani yake yote miwili. Nilimpigia. Sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kilingala kwamba hapatikani. Hilo tulilijua tangu alipofika.

Naomie, mke wa Firmin, aliingia ofisini mtoto akiwa mgongoni. Huuza ndagala, dagaa wa ziwani, pale Kalundu, na alikuja na mikono yake ya kazi, hata hakuinawa.

"Mulamu, Firmin iko wapi mu mashini yenu?"

"Hayumo."

"Hayumo namna gani? Saa hii nimetoka kuzungumuza naye."

"Mashini inasema kazi ya Sange imekwisha, na watu hawapo."

Naomie aligusa kile kijani kwenye skrini kwa kidole chake cha ndagala.

"Kama kazi imekwisha," alisema, "basi inipatie bwana yangu."

Nikainuka kwenda kwa mwenye sahihi.

Nilimkuta Coordo akifunga vitu vyake ndani ya katoni. Alianza na picha zake.

"Andika kwa mkono," nilimwambia. "Gari liende Sange sasa hivi."

"Bariyeri batakataa. Minye njo niliwaambia."

"Nenda ukawaambie kinyume."

"Nitaonekana namna gani, madame? Juzi nilikuja na mupiga picha."

Akarudi kwenye katoni yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote.

Nzeyimana, dereva wetu, alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni. Ni mtu wa bondeni, ana shamba la mpunga nyuma ya Sange, na huzungumza kama anayelipia maneno.

"Mafuta iko," alisema. "Karatasi iko?"

"Haiko, Papa Nzeyimana."

"Nangoja."

Nikarudi kwenye programu, nikaipitia mlango kwa mlango, kama mtu anayetafuta pa kutokea ndani ya nyumba iliyojengwa na mlevi. Na mlango ulikuwepo. Kwenye eneo lililokamilika haendi fundi, haendi daktari, haendi mlinzi. Anakwenda mtu mmoja tu, kwa shughuli moja tu: mratibu, kuzindua.

Nikabonyeza. Karatasi ikatoka safi, na muhuri, na namba inayoanza na B.

Nikampelekea Coordo katikati ya katoni zake. "Hongera," nikamwambia. "Unazindua Sange leo."

Alisoma mara mbili. "Toa jina yangu."

"Halitoki. Uliagiza lisitoke."

"Weka ya Nzeyimana."

"Programu inasema Nzeyimana si mratibu."

"Madame, minye niko na tension, ile presha. Daktari alinikataza barabara."

"Coordo," alisema Nzeyimana kutoka mlangoni, "leo kwa barabara ya Sange kuko bantu wengi sana. Uzinduzi itapata public."

Naomie alikuja akasimama kando ya Nzeyimana na mtoto wake mgongoni. Ofisi ile ina mlango mmoja, na sasa ulikuwa umejaa.

Coordo akavaa kofia ya mradi.

Garini alikaa mbele, mimi nyuma. Naomie tulimwacha getini. Nilimwambia ningempigia simu mara tu nimwonapo Firmin kwa macho yangu. Njia nzima hadi Kavimvira tulikwenda dhidi ya watu. Walikuja na magodoro, mbuzi, masufuria, mashine za cherehani, na kila mmoja alitutazama sisi tunaokwenda walikotoka kama watu waliokosea mlango.

"Minye nafika bariyeri tu," alisema Coordo. "Nawaonyesha uso, mnapita. Minye nashuka, nashikwa na tumbo."

"Shikwa na tumbo ng'ambo ya kamba," nikamwambia. "Wakikuona unashuka upande huu, karatasi itakuwa ya uongo."

"Weye hauna huruma."

"Nina mdogo wangu."

Kamanda wa bariyeri alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya kuchoka. Alichukua karatasi, akaisoma, akamtazama Coordo, akaisoma tena.

"Tena?"

"Tena nini, Chef?" nikauliza.

"Gari yenu ilishapita. Minye mwenyewe niliipitisha, asubuhi sana, jua linatoka tu. Kwenda Sange kuchukua mafundi. Majina yote, muhuri, sahihi. Sikubachelewesha, juu ya kazi ya maji."

Tumbo la Coordo, ambalo lilikuwa limeanza mapema kuliko tulivyokubaliana, likapona. "Sahihi ya nani?"

"Yako, Coordo. Si nakujua? Juzi ulikuja na mupiga picha."

Kamanda alikuwa amebaki na nakala, ametunga zote kwenye msumari ukutani mwa kibanda chake. Akaishusha. Nilitazama namba kabla ya kitu kingine chochote. Haikuwa na herufi B. Haikuwa na herufi yoyote.

Ilikuwa karatasi yetu kabisa. Maandishi yale yale, muhuri pale pale, ile sura niliyoiokoa ili askari wasichanganyikiwe. Hawakuchanganyikiwa hata kidogo.

"Coordo," nikasema, "yale makaratasi mulamu wako anayolalamikia. Anayafanyia nini?"

"Anafotokopia nyuma yake."

"Yote?"

Coordo alivua kofia, akaichunguza ndani. "Kuko muntu mumoja alikuwa anayanunua. Mulamu alisema iko wa kufungia ndagala."

"Na ulijua tangu lini?"

"Makaratasi ya kufungia ndagala, madame. Minye nijue nini?"

Nikamgeukia kamanda. "Gari lilibeba nini?"

"Mapipa. Maji yenu."

Nzeyimana alitoa kichwa dirishani. "Siye hatubebake maji mu mapipa, Chef," alisema. "Siye tuko ba bomba."

Uso wa kamanda ulibadilika taratibu, kama uso wa mtu anayekumbuka kwamba jina lake litaandikwa mahali. Nikatoa simu.

"Weka sauti inje," akasema. "Tusikie bote."

Nikaiweka simu juu ya boneti. Ililia muda mrefu. Kisha Firmin akapokea, na sauti yake ilikuwa ya furaha, jambo lililonitisha kuliko sauti nyingine yoyote ambayo angeweza kuwa nayo.

"Yaya, aksanti. Rezo ya simu ilikatika, ningekuita. Gari ilifika, siye bote tuko ndani. Hata basoda balitusalimia."

"Firmin, gari gani?"

"Ile ulituma. Majina yetu yote iko kwa karatasi. Shoferi njo mupya tu, si Papa Nzeyimana."

Nilimtazama Papa Nzeyimana. Alikuwa ameketi mikono yote miwili juu ya usukani wa gari pekee ambalo Maji Bondeni imewahi kumiliki.

"Mko wapi sasa?"

"Tulitoka kwa barabara kubwa. Tulikata kushoto, kwa mashamba ya mpunga. Anasema kwa mto kuko salama."

Upande wa mto, kutoka Sange, hakuna njia ya kurudi Uvira. Kuna matope, kuna viboko, kuna Burundi. Nzeyimana, ambaye shamba lake liko huko, alitikisa kichwa mara moja.

"Mpe dereva simu," nikasema. "Mwambie namshukuru."

Ikapita kelele ya injini. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, tulivu, Kiswahili cha mtu aliyekaa shule.

"Bonjour, madame. Nimefurahi. Naambiwa wewe ndiye unayeielewa ile mashini."

"Washushe watu wangu."

"Watashuka, madame. Mimi sina ugomvi na mafundi. Ila barabara siku hizi haipitiki bila karatasi, na mimi nina mizigo mingi. Nina swali moja tu, la kazi."

"Uliza."

"Kuna mwenzangu hapo Kalundu, yuko mbele ya mashini. Anasema kuna mahali panauliza: watu wa Sange wamerudi? Ndiyo au hapana. Mtu akijibu ndiyo, kesho asubuhi bado itachapa?"

Nilielewa alichoniuliza, na yeye alielewa kwamba nimeelewa. Rénovat aliandika mistari ile ili mtu asisahaulike kule nje. Mashini ingewakumbuka kila asubuhi, kwa muhuri na sahihi, maadamu hawajarudi. Wakirudi, mmoja wetu angekwenda Kalundu kuijibu ndiyo. Kwa mtu mwenye mapipa, Firmin na wenzake walikuwa na thamani kubwa kwa sharti moja tu, kwamba wasirudi kamwe.

Sikuwahi kusema uongo kuhusu msimbo. Si kwa uadilifu. Ni kwamba uongo kuhusu msimbo hujulikana mtu akibonyeza. Huu nao ungejulikana. Lakini ungejulikana kesho, na leo Firmin angekuwa jikoni kwangu akila.

Jibu lilikuwa neno moja. Itachapa. Nilivuta pumzi ili nilitoe kwa sauti ya kawaida, ya ofisini, ya mtu anayejibu swali dogo.

"Haichapi," alisema Coordo.

Alikuwa ameinama juu ya boneti, kofia mkononi, mdomo karibu na simu. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hatimaye ameulizwa kitu anachokijua.

"Ikishajua balisharudi, inaacha," aliendelea. "Njo namna iko inafanya kazi. Minye njo Coordo, uniulize minye."

Miaka yote niliyofanya kazi chini yake, lilikuwa jibu sahihi la kwanza alilowahi kutoa kuhusu programu ile.

Nzeyimana alifumba macho. Kamanda alimtazama Coordo, kisha akanitazama mimi, kama anayeomba tafsiri.

"Aksanti sana, Coordo," ilisema sauti kwenye simu, kwa adabu ile ile.

Halafu nikamsikia akigeuka nyuma kuwaambia watu wangu, polepole, kila mmoja ampatie simu yake.